Ukame hauna siku ya kuanza

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa kuhusu kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya. Ndani ya taarifa hizo kuna namba moja ambayo macho huikimbilia kabla ya nyingine zote: kipimo cha hali ya mimea kiitwacho VCI. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, kisha ukijani huo hulinganishwa na wa miaka iliyopita mahali palepale, msimu uleule. Ukiwa umefika chini kabisa ya rekodi, namba ni 0. Ukiwa umefika juu kabisa, ni 100. Kuanzia 35 kwenda juu mimea huhesabiwa kuwa katika hali ya kawaida au bora zaidi. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri.

Sasa chukua wadi mbili zinazopakana, moja ina 36 na ya pili ina 34. Mifugo wao hunywa kwenye visima vilevile, wachungaji hukutana malishoni, na mawingu au vumbi la wiki moja linatosha kuisogeza namba ya setilaiti kwa pointi mbili. Kwenye ramani, hata hivyo, moja imepakwa rangi ya usalama na nyingine rangi ya ukame, na yeyote atakayeisoma ramani hiyo akiwa Nairobi ataamini kwamba mpaka kati ya wadi hizo ni mpaka kati ya shibe na njaa.

Tofauti hiyo ina bei. Mpango wa fedha za kukinga njaa unaofahamika kama HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, una sehemu ya dharura iliyojengwa juu ya namba hiyo. Kaya zilizosajiliwa kuwa maskini zaidi hupokea fedha kila baada ya miezi miwili. VCI ya kaunti ndogo ikishuka hadi ukame mkali, yaani chini ya 20, kaya nyingine zilizofunguliwa akaunti mapema nazo hutumiwa fedha za dharura. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 nayo ilifuata njia hiyohiyo: ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, fidia hulipwa, usiposhuka, hailipwi. Kwenye 19 kuna fedha. Kwenye 21 hakuna. Ni mfumo wa swichi ya taa, na ukame haufanyi kazi kwa swichi.

Hoja yangu ni kwamba tuna hisabati inayolingana na jinsi ukame unavyokuja, imekuwepo kwa zaidi ya nusu karne, na tunapaswa kuitumia katika maamuzi ya fedha. Inaitwa mantiki ya fazi, ile inayokubali jambo liwe kweli kwa kiasi. Nina masharti, kwa sababu hisabati hiyohiyo ikitumiwa vibaya inaweza kuficha uonevu mkubwa kuliko ule wa mstari, yaani namba moja inayotenganisha ndiyo na hapana. Lakini kwanza nieleze kwa nini nasema mstari unaua, maana si neno la kutupa hovyo.

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu mbili za kusini mwa Somalia: Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini. Tangazo lilitolewa kwa kufuata mfumo wa kupima uhaba wa chakula uitwao IPC, ambao ulianza kutumika Somalia kwenyewe mwaka 2004 na una ngazi tano. Ngazi ya tano, ile ya baa la njaa, inahitaji mambo matatu yathibitike kwa pamoja: angalau asilimia 20 ya kaya zimekosa chakula kupindukia, angalau asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali, na watu 2 kati ya kila 10,000 wanakufa kila siku. Tafakari sharti hilo la tatu. Ili mstari uvukwe, lazima kwanza makaburi yahesabiwe. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba karibu watu 258,000 walikufa katika janga lile kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa siku tangazo lilipotolewa.

Haki ni haki: waliobuni IPC hawakusema misaada isubiri ngazi ya tano. Wanasisitiza mpaka leo kwamba hatua za haraka zianze ngazi ya tatu. Lakini wafadhili, vyombo vya habari na serikali wamelifanya neno moja kuwa mlango wa hazina. Hili lilionekana tena mwaka 2022. Baidoa na Burhakaba, huko huko Somalia, zilitajwa kuwa ukingoni mwa baa la njaa, dunia ikakaa ikingoja kusikia kama litatangazwa, na halikutangazwa. Machi 2023 ukatoka utafiti uliokadiria kwamba ukame ule huenda ulisababisha vifo vya ziada 43,000 nchini Somalia kwa mwaka 2022 pekee, na kwamba nusu ya vifo hivyo huenda vilikuwa vya watoto wadogo. Mstari haukuvukwa. Watu walikufa.

Huku Kenya, mvua za vuli za 2020 zilikatika. Masika ya 2021 nayo yakawa haba. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, misimu miwili ikiwa imekwisha kupotea, na mingine mitatu ikafuata kupotea hadi mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Ukimuuliza mfugaji wa North Horr ukame huo ulianza lini hatakupa tarehe. Atakuambia lini maziwa yalianza kutosha watoto tu, lini wanawake walianza kuondoka kwenda kisimani kabla ya alfajiri, na lini ng'ombe walianza kulala bila kuweza kunyanyuka wenyewe.

Majibu hayo ya mfugaji ndiyo aina ya maarifa ambayo Lotfi Zadeh aliyatafutia hisabati. Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichapisha mwaka 1965 makala iliyolegeza sharti moja la zamani. Katika hisabati ya kawaida, kitu ama kimo ndani ya kundi au hakimo. Zadeh aliruhusu kitu kiwemo kwa kiasi, kuanzia 0, yaani hakimo kabisa, hadi 1, yaani kimo kikamilifu. Wadi yenye VCI ya 36 inaweza basi kuwa katika hali ya kawaida kwa 0.6 na katika tahadhari kwa 0.4, vyote kwa wakati mmoja, bila kujipinga.

Wengi hudhani huku ni kuhesabu uwezekano kwa jina jingine. Sivyo, na tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayegawa chakula. Mtabiri akisema kuna uwezekano wa asilimia 70 kwamba mvua itanyesha Jumamosi, ikifika Jumapili sote tutajua kama ilinyesha au haikunyesha, shaka imekwisha. Wadi iliyo ndani ya ukame kwa 0.7 haina Jumapili yake. Ushahidi wote tunao mezani: tumepima nyasi, tumepima maziwa, tumehesabu kilomita za kwenda majini. Hakuna kilichofichika. Hali yenyewe ndiyo iko katikati, na ukiilazimisha kuwa ndiyo au hapana unatupa sehemu ya ukweli ulioupima kwa gharama.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika historia hii, na inasikitisha kwamba vijana wetu wa vyuo vikuu hulitumia jina lake bila kujua alikotoka. Ebrahim Mamdani alizaliwa Tanzania mwaka 1942, akasoma India, kisha akaenda Uingereza. Akiwa Queen Mary College, London, katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian walitengeneza mtambo wa kwanza ulioendeshwa kwa mantiki ya fazi: injini ndogo ya mvuke ya maabara. Hawakuandika milinganyo ya mwendo wa mvuke. Walichukua kanuni kama ambavyo mwendeshaji mzoefu angezisema kwa mdomo, za aina ya "presha ikiwa juu kidogo na inapanda polepole, punguza moto kidogo", wakayapa maneno kama juu, kidogo na polepole viwango vya kihisabati, na injini ikatulia. Kufikia 1987 treni za mjini Sendai, Japani, zilikuwa zinaongeza mwendo na kufunga breki kwa kanuni za ukoo huohuo. Mpaka leo ukifungua programu ya kuunda mfumo wa fazi, moja ya njia utakazopewa kuchagua inaitwa Mamdani.

Ninachokithamini kwa Mamdani si injini. Ni kwamba alikubali maneno ya mtu anayeijua kazi yawe data, bila kumtaka kwanza awe mwanahisabati. Mfugaji ana ngazi zake za kumsoma ng'ombe. Kuna ng'ombe anayekwenda malishoni na kurudi akicheza. Kuna aliyekonda, mbavu zinahesabika ukiwa mbali. Kuna ambaye mifupa ya nyonga imechomoza na shina la mkia limezama. Kuna ambaye akilala usiku, asubuhi lazima watu wamshike mkia na mabega wamsimamishe. Hakuna mfugaji anayehitaji mizani kuzitambua ngazi hizi, na hakuna anayedai kwamba ng'ombe huruka kutoka moja hadi nyingine usiku mmoja.

Kutoka hapo ikazaliwa mbinu ya tathmini ya fazi. Wanahisabati wa China, Wang Peizhuang akiwa mmoja wao, waliikuza katika miaka ya 1980, na sasa hutumika kupima ubora wa maji ya mito, usalama wa migodi na hatari ya mafuriko. Niioneshe kwa wadi ya kubuni ya kaskazini mwa Kenya, kwa namba nilizozichagua mwenyewe ili hesabu ionekane.

Tuna vigezo vinne: malisho, maji, mifugo na maziwa yao, na lishe ya watoto. Tuna hali tatu: kawaida, tahadhari na dharura. Tuanze na malisho. Tukikubaliana kwamba VCI ya 44 ni kawaida kamili na 24 si kawaida tena hata chembe, basi 36 iko kawaida kwa 0.6, na 0.4 inayobaki iko tahadhari. Maji: kilomita 8 hadi kisimani tuseme ni tahadhari kamili, 16 ni dharura kamili, wadi yetu ina 12, kwa hiyo ni nusu tahadhari, nusu dharura. Mifugo, kwa maelezo ya wafugaji wenyewe, wanapata 0.1 kawaida, 0.6 tahadhari na 0.3 dharura. Lishe ya watoto inapata 0.2, 0.5 na 0.3. Kisha kila kigezo kinapewa uzito wake, na uzito wote ukijumlishwa lazima uwe 1: lishe 0.3, malisho 0.25, maji 0.25, mifugo 0.2. Zidisha, jumlisha, na wadi inatoka na matokeo haya: kawaida 0.23, tahadhari 0.495, dharura 0.275.

Kwa mstari wa VCI peke yake, wadi hii ina 36. Iko salama. Kwa hesabu ya fazi, usalama wake haufiki hata robo.

Hapa lazima nisimame kwenye kigezo cha malisho, kwa sababu ndicho kinachotudanganya zaidi. Setilaiti huona kijani. Haioni ni kijani cha nini. Baringo, Turkana, Tana River na kwingineko umeenea mti wa mathenge, ulioletwa miongo kadhaa iliyopita ili kurudisha uoto kwenye ardhi iliyochakaa. Mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekauka, kwa kuwa mizizi yake huzama chini sana. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi, na wakazi wa Baringo waliposhtaki serikali walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno, awe kielelezo. Kwa setilaiti, vichaka hivyo ni ukijani kama ukijani mwingine. Mfumo unaotegemea kigezo kimoja hauna njia ya kujua kwamba umedanganywa. Mfumo wenye vigezo vinne unaijua njia hiyo, kwa sababu maji, maziwa na lishe ya watoto vitaanza kusema kinyume cha kile setilaiti inachosema, na ukinzani huo wenyewe ni habari.

Na taarifa za NDMA tayari zina habari hizo zote. Zinaripoti umbali wa kwenda majini, maziwa kwa kila kaya, hali ya miili ya mifugo, kilo za mahindi ambazo mbuzi mmoja anaweza kununua, na vipimo vya mzingo wa mkono wa mtoto, vinavyoonesha lishe yake. Maofisa wa nyanjani huzikusanya kwa taabu, juani, kila mwezi. Kinachokosekana ni njia ya wazi ya kuzifanya zizungumze pamoja wakati wa kuamua fedha.

Nasema njia ya wazi kwa sababu hapa ndipo penye hatari. Rudi kwenye wadi yetu. Sikugusa ng'ombe hata mmoja, sikusogeza kisima, sikumlisha mtoto. Nilichofanya ni kubadilisha uzito: malisho nimeyapa 0.7, na vigezo vingine vitatu 0.1 kila kimoja. Matokeo sasa ni kawaida 0.45, tahadhari 0.44, dharura 0.11. Wadi imekuwa salama kwa kalamu. Anayeshika uzito ndiye anayeshika majibu, na mtu huyo anaweza kuketi ofisini akatoa namba zenye desimali tatu ambazo mwananchi hataweza kuzipinga, kwa vile zina sura ya sayansi. Mstari angalau kila mtu anauona.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba uzito uchapishwe katika taarifa yenyewe, pamoja na jina la ofisi iliyoupanga na sababu za kuupanga hivyo, na usibadilishwe katikati ya msimu. Akitokea mtu akasema hilo ni jambo la kitaalamu mno kwa umma, nitamjibu kwamba mwanakijiji anayejua kumgawia mchuuzi mbuzi wanne wakubwa na ndama mmoja badala ya ng'ombe dume hakosi akili ya kuelewa kwamba lishe imepewa 0.3 na malisho 0.25.

Sharti la pili linahusu fidia kati ya vigezo. Kuzidisha na kujumlisha kuna tabia mbaya: kigezo kizuri hukifunika kibaya. Malisho yakiwa mazuri ya kutosha, yanaweza kuufukia utapiamlo wa watoto katika jumla. Kuna mambo ambayo hayafidiwi. Mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukipimwa kwa utepe na kuonesha chini ya sentimita 11.5, utepe unasoma nyekundu, na mtoto huyo ana utapiamlo mkali unaotishia uhai. Hakuna wingi wa nyasi unaomlipia. Hesabu yoyote nitakayoiunga mkono lazima iwe na kifungu cha kuvunja jumla: lishe ikifika dharura kwa kiwango fulani, wadi ni dharura, hata vigezo vingine viseme nini. Ndiyo, hicho ni aina ya mstari. Sipingi mistari yote. Utepe huo una mstari mwingine kwenye 12.5, unaotenganisha njano na kijani, na muuguzi katika zahanati yenye foleni anahitaji rangi, hana muda wa desimali. Lakini muuguzi huyohuyo, akipima 12.4 kwa mmoja na 12.6 kwa mwingine, humwambia mama wa yule wa pili arudi wiki ijayo. Anajua watoto hao wawili wako mahali pamoja. Bajeti za serikali hazijui.

Kuna pia kosa moja la kawaida sana katika maandiko ya kitaaluma, na linaniudhi. Mtafiti hujenga mfumo mzima wa fazi, anapata 0.23, 0.495 na 0.275, kisha mwishoni anachagua namba kubwa kuliko zote na kuandika: wadi iko katika tahadhari. Basi kazi yote ilikuwa ya nini? Ile 0.275 ya dharura ndiyo iliyokuwa inapiga kelele, na ndiyo aliyoitupa. Wadi yenye tahadhari 0.495 na dharura 0.02 haifanani hata kidogo na wadi yetu, ila kwa kanuni hiyo zote mbili hupewa jina moja na, bila shaka, bajeti moja.

Haya hayako kwenye ukame tu. Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye Sh49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Anayetumia Sh49,400 hakuhesabiwa miongoni mwa asilimia 26.4 walio maskini. Wanatakwimu wa Italia, Cerioli na Zani, walipendekeza tangu 1990 kwamba umaskini upimwe kwa kiwango cha kuwamo, na wengi wameendeleza wazo hilo. Bado vichwa vya habari huandikwa kwa mstari.

Sasa nifikie pingamizi zito kuliko yote, nalo nalichukulia kwa heshima. Watetezi wa mstari husema: HSNP imewahi kulipa haraka kwa sababu hakuna mtu wa kubembelezwa. Namba ikishuka, fedha hutoka. Hakuna waziri wa kupigiwa simu, hakuna mbunge wa kudai kwamba kwake ni kubaya zaidi, hakuna kamati ya kukutana hotelini. Ukileta viwango na uzito, umerudisha mlangoni siasa ile iliyofukuzwa.

Wanasema kweli kuhusu siasa. Yeyote anayekumbuka jinsi chakula cha msaada kilivyokuwa kikigawanywa nchini kabla ya mifumo hii hawezi kuwabeza. Lakini malipo yasiyohitaji idhini ya mtu na malipo ya ngazi moja ni mambo mawili tofauti, na tumeyachanganya. Fedha zinaweza kupanda taratibu kadiri namba inavyoshuka, bila mkono wa mtu kuingia. Chukua hata VCI peke yake, bila vigezo vingine: malipo yaanze kwenye 35 yakiwa sifuri, yafike kamili kwenye 10, na katikati yapande kwa uwiano. Kaunti ndogo yenye 21 itapata asilimia 56 ya malipo kamili, yenye 19 itapata asilimia 64. Kwa mfumo wa sasa ya kwanza haipati fedha za dharura hata shilingi. Hesabu hii haihitaji kamati. Inahitaji mstari mmoja wa programu ya kompyuta.

Faida yake nyingine haizungumzwi vya kutosha. Pale penye ukuta, kila mtu ana sababu ya kuusukuma: kosa la pointi moja hugeuza kila kitu, kwa hiyo kishawishi cha kuchakachua kipimo ni kikubwa, na malalamiko ya walio upande wa pili wa ukuta ni ya haki. Rwanda ilionja hili katika ubudehe, ambapo kaya zilipangwa kwenye makundi kulingana na hali yao ya kiuchumi na mchango wa bima ya afya ukafungwa kwenye kundi. Watu waligombea makundi, makundi yakapangwa upya zaidi ya mara moja, na mwishowe serikali ikayatenganisha na huduma. Pale ambapo pointi moja hubadilisha malipo kwa asilimia 4 tu, hakuna wa kuuza roho yake kwa pointi moja.

Hazina itauliza gharama. Ni kweli kwamba malipo yatatoka katika miezi ambayo leo hakuna yanayotoka. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mfugaji bado ana cha kuokoa. Akipata fedha wakati ng'ombe amekonda, atanunua nyasi na dawa, au atauza wawili kwa bei ya soko awalishe waliobaki. Akizipata wakati ng'ombe hanyanyuki, atanunua unga, na ng'ombe atakufa vilevile. Baada ya hapo serikali hiyohiyo itatafuta fedha za kumnunulia mifugo upya, na miaka itapita kabla kundi halijazaana.

Linabaki swali la nani apange uzito, na hapa sioni njia ya mkato. Kuna mbinu nzuri za kitaalamu za kulinganisha vigezo viwiliviwili na kupata namba, lakini bado lazima mtu aulizwe. Ukiitisha baraza la chifu kaskazini, wanaume ndio watakaoketi mbele na kusema, nao watataja malisho na soko la mifugo, kwa sababu ndiyo kazi yao. Wanawake wanaotembea kilomita 12 na mtungi mgongoni watayapa maji uzito mwingine, na wale wanaopika watazungumza juu ya maziwa na mtoto aliyeachishwa mapema. Sitaki wastani wa sauti hizi upikwe na mshauri kutoka mbali. Waulizwe mbali mbali, wanawake bila wanaume kuwapo, wachungaji vijana bila wazee, na majedwali yote yachapishwe yakiwa kando kwa kando katika taarifa ya mwezi, hata kama yatatoa majibu matatu tofauti kwa wadi moja. Wadi ambayo jedwali la wanaume linaipa dharura ya 0.2 na la wanawake linaipa 0.5 ndiyo ambayo ofisa wa kaunti anapaswa kupanda gari aende kuiangalia wiki hiyohiyo, aanzie kisimani.